Umenunua Keji ya Ndege ya Mtumba? Ioshe Hivi Kabla Ndege Aingie

Wasee, acha nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilishikwa na hamu ya kufuga baji, wale kasuku wadogo wa kijani na samawati ambao hupiga kelele tamu siku nzima. Keji mpya kule Nakuru ilikuwa bei ya kunitoa jasho, na mimi nilikuwa nimesota kabisa, so nikachukua ya mtumba kutoka kwa jamaa mmoja karibu na Londiani Junction. Bob 1,200. Ilikuwa kubwa hadi ikabidi tuifunge nyuma ya boda kwa mpira, na mvua ikatunyeshea njia yote hadi home.

Nilifika, nikaipitisha kitambaa chenye maji, nikaona inang'aa, nikaweka baji wawili jioni hiyo hiyo. Wiki ya pili mmoja akaanza kukaa chini ya keji, manyoya yamefura kama mpira wa karatasi za nailoni. Akadedi. Mwenzake hakumaliza siku nne.

Mathe aliniuliza swali moja tu: "Hiyo kitu ilikuwa imekaliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Kumpigia jamaa simu, akaniambia bila hata kuona haya: "Ilikuwa ya kware, halafu kuku wakawa wanalala hapo." Ndege nilikuwa nimeshawazika, kwa hivyo hakuna daktari wa mifugo aliyewapima. Lakini kilichonikosesha usingizi si hao baji pekee. Ile trei ya chini nilikuwa nimeiosha kwa mfereji, hapo hapo kuku wa mathe hunywa maji. Hao kuku ndio wanaleta pesa ya mayai, na hiyo pesa ndiyo hulipa tokeni za stima. Bahati yetu alikuwa amewachanja kideri.

Baada ya hapo nikakaa chini nikasoma, nikauliza ofisi ya mifugo, nikaosha hiyo keji upya kama mtu mwenye akili. Form yenyewe ni hii.

Hizi keji zinatoka wapi

Kama ulikuwa na macho mwishoni mwa 2013 unakumbuka wazimu wa kware. Kila mtu alikuwa anafuga. Watu waliambiana mayai yake yanatibu karibu kila ugonjwa, bei ikapanda, wasee wakaacha kazi, na KWS ikawa na foleni ya watu wanaotafuta leseni kwa sababu kware kisheria ni ndege wa porini. Kufikia 2014 soko likaanguka vibaya. Mayai yakakosa mnunuzi, kware wakaliwa, na keji zikabaki nyuma ya nyumba. Zingine zikageuzwa za sungura, zingine za vifaranga, zingine za njiwa. Waya haiozi haraka, kwa hivyo hadi leo unaweza kuuziwa keji iliyoona wapangaji wa aina nne na hakuna hata mmoja aliyeoshewa nyumba kabla ya kuingia.

Kuna pia zile ndogo nzuri za baji na lovebird zinazouzwa wakati mwenyewe anahama au ndege wake amekufa. Hizi ndizo za kuuliza maswali. Ndege alikufa lini? Alikuwa anahara? Alikuwa anapoteza manyoya? Muuzaji akianza kujikunakuna kichwa, ongeza bidii ya kuosha au hepa kabisa. Kuna ugonjwa wa virusi unaokula manyoya na mdomo wa ndege wa ukoo wa kasuku, na hivyo virusi ni sugu sana, vinakaa kwa vumbi la manyoya miezi mingi na dawa nyingi za nyumbani hazivitishi. Keji ya ndege aliyekufa akiwa uchi bila manyoya, mimi singeichukua hata ya bure.

Kwa waya kuna nini

Kinyesi kikikauka kinageuka kuwa vumbi, na hapo ndipo noma inaanza. Kideri, ambacho wengi huita Newcastle kwa sababu ya ule mji wa Uingereza ambako kilitambuliwa mwaka wa 1926, hubebwa na kinyesi, makamasi, viatu, na vyombo kama hivi. Virusi vyake hufa haraka kwa jua kali, lakini kwa baridi na unyevu vinadumu. Sasa fikiria Londiani. Sisi tuko juu ya mita 2,000, asubuhi ni ukungu, mchana mvua. Watu wa mbali wakisikia Kericho wanafikiria chai tu, lakini huku kwetu ni viazi, ng'ombe wa maziwa na msitu, na baridi ya kuhifadhi kila kitu, virusi wakiwemo.

Halafu kuna bakteria za salmonela, mayai ya minyoo, na koksidia, ile inayofanya kuku ahare damu. Hizi mbili za mwisho zina ganda gumu, na Jik haziziogopi sana. Zinaogopa moto. Kumbuka hilo, litarudi.

Na wewe mwenyewe hauko salama. Kuna bakteria inaitwa Chlamydia psittaci, hubebwa na kasuku, baji na hata njiwa, na ndege anaweza kuonekana fiti kabisa huku anaitoa kwa kinyesi. Ukivuta hilo vumbi unaweza kupata homa, kichwa kuuma vibaya, kikohozi kikavu, hadi nimonia. Kati ya 1929 na 1930 ugonjwa huu ulitambaa hadi Ulaya na Marekani kupitia kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, na watu wakafa. Siku hizi dawa za kuua bakteria zinautibu, shida ni kwamba daktari hawezi kuufikiria usipomwambia. Ukianza kuumwa siku chache au wiki mbili hivi baada ya kushughulika na keji, sema hospitalini waziwazi kwamba umekuwa ukigusa ndege. Usione haya.

Kabla utoe pesa

Cheki waya. Kwa baji, nafasi kati ya waya isizidi nusu inchi. Keji nyingi za kware zina nafasi pana mbele ili kware atoe kichwa na kula, na baji atapita hapo ama kichwa kikwame. Hiyo ya kwangu ilibidi niongeze waya mdogo upande mmoja.

Cheki kutu na rangi. Kutu ya kahawia kidogo inaweza kusuguliwa, lakini waya ikiwa inamenyeka achana nayo. Unga mweupe kwa waya ya mabati ni zinki, na kasuku wa kila saizi hupanda keji kwa mdomo, kwa hivyo ataula. Zinki ikizidi inamuua. Rangi kuukuu inayobanduka ni mbaya zaidi kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi.

Mbao je? Keji yenye fremu ya mbao siipendi. Mbao hunywa kinyesi na mkojo wa miaka yote, na hakuna dawa inayofika ndani. Kama ni kijiti cha kukalia, kiota cha mbao, kamba au toi ya kitambaa, usiangaike kuosha. Choma. Vyombo vya plastiki vilivyokwaruzwa pia tupa, vipya ni bei ya chapo na madondo.

Siku ya kuosha

Fanya hii kazi nje, mbali na kuku, mbali na mahali mnachota maji. Vaa maski, glavu za mpira na nguo utakayofua peke yake. Kama kuna mtu mwenye pumu au mzee mwenye kifua kibovu, asikae upande upepo unaelekea. Kogo wa jirani alitaka kuja kuketi karibu anipigie stori kama kawaida yake, nikamwambia kwa heshima, "Kogo, leo kaa huko juu kwa veranda, hii vumbi si nzuri kwako." Alinicheka, lakini alikaa huko.

Kosa la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kukwangua kinyesi kikavu. Hapo unajipulizia kila kitu nilichotaja juu. Lowesha kwanza. Nyunyiza maji ya sabuni keji yote, acha dakika 15 au 20 kinyesi kilainike, ndipo ukwangue kwa kisu kizee na ufunge uchafu kwa karatasi. Zika au choma, usitupe kwa shamba ambalo kuku wanachakura.

Baada ya hapo ni maji moto, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ngumu. Mswaki mzee kwa kona na bawaba. Trei itoe, mlango utoe kama unatoka. Hapa ndipo kazi yenyewe iko, wasee. Watu hukimbilia Jik kwa sababu inanuka usafi, lakini Jik ikipata kinyesi na mafuta inaishia kupigana na huo uchafu, na vijidudu vinabaki vikicheka. Osha hadi maji ya mwisho yawe safi. Mimi nilibadilisha ndoo mara tano.

Kama waya ina ule unga wa zinki, isugue na siki, kisha suuza kabisa kabisa, na siku hiyo usiguse Jik. Nitasema ni kwa nini.

Sasa moto. Keji ikiwa ya chuma tupu, chemsha sufuria kubwa ya maji na umwagilie polepole kona zote, rudia mara mbili. Vipande vidogo vya chuma tumbukiza kwa maji yanayochemka dakika 10. Hii ndiyo dawa ya koksidia na mayai ya minyoo. Plastiki itajikunja, so iache. Na usijichome, tafadhali. Ita mtu akushikie keji kwa kijiti, si kwa mkono.

Jik, na ile gesi ya Form Three

Keji ikipoa, changanya kikombe 1 cha Jik ya kawaida isiyo na manukato na vikombe 9 vya maji baridi. Kwa ndoo, nusu lita ya Jik kwa lita 4 na nusu za maji. Maji yawe baridi kwa sababu moto huiharibu Jik na kuifanya itoe mvuke wa kuunguza macho. Changanya siku hiyo hiyo, ya jana imeshaisha nguvu. Angalia pia tarehe kwa chupa, ile imekaa chini ya sinki tangu enzi za korona haina kitu.

Nyunyizia au pakaza kila waya, juu na chini, na hakikisha imebaki majimaji kwa dakika 10. Ikikauka kabla, rudia. Wengi hunyunyiza na kufuta hapo hapo, na hiyo ni sawa na kuiamkia tu bakteria, "Chamgei," kisha kuendelea na safari. Dakika 10 ndizo zinazoua.

Sasa hii sehemu isome mara mbili. Usichanganye Jik na kitu kingine chochote. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza na sioni haya kusema, lakini kemia ya Form Three bado iko kichwani. Jik na asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile Wajerumani walifungulia wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Asidi ni dawa ya kuosha choo, na ni siki pia, ndiyo maana nimesema siku ya siki isiwe siku ya Jik. Jik na amonia nayo hutoa gesi nyingine ya kuziba kifua, na amonia iko kwa mkojo na kinyesi kilichooza. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoa uchafu wote kwanza. Ukianza kukohoa na macho kutoa machozi, acha kila kitu, toka, tafuta hewa.

Baada ya dakika 10 suuza na maji mengi, mara tatu kwa uchache, hadi pua yako isisikie Jik hata ukiibandika kwa waya. Jik ikiachwa pia inakula chuma na kuleta kutu.

Dettol na zile dawa nyeusi za kunukia za kuosha sakafu ziache kwa sakafu. Mapafu ya ndege hayako kama yetu, hewa inapita ndani yake kwa mkondo mmoja na inafika hadi kwa vifuko mwilini, kwa hivyo sumu kidogo inamfikia haraka. Wachimba makaa ya mawe Uingereza walikuwa wanashuka na ndege wa kanari mgodini ili awe wa kwanza kuanguka gesi ikija, na waliendelea hivyo hadi 1986.

Utitiri, na jaribu la dawa ya ng'ombe

Kama kuku walilala kwa hiyo keji, weka akilini utitiri. Hawa wadudu wekundu wanajificha kwa kona mchana na kutoka usiku kunyonya damu, na wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kula wakingojea tu mpangaji mpya. Jaribio ni rahisi. Keji ikikauka, ifunike usiku na shuka jeupe, na kabla jua litoke mulika kwa simu. Vidoti vyekundu au vyeusi vinavyotembea kwa shuka ndio hao. Maji yanayochemka kwa kona huwamaliza wengi, kisha rudia baada ya wiki kwa sababu mayai huanguliwa.

Huku kwetu kila boma lina chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, na najua unachofikiria. Usijaribu. Baadhi ya hizo dawa, hasa za familia ya oganofosfeti, huua ndege upesi kuliko utitiri wenyewe. Ukihitaji dawa, uliza duka la agrovet ile ya ndege iliyotengenezwa kwa pareto. Ndiyo, pareto ile ile ya mashamba ya Molo, ambayo Kenya wakati mmoja iliongoza dunia kwa kuiuza. Wengine watakushauri unga mweupe wa daiatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Unaua utitiri kweli kwa kuwakausha, ila vumbi lake ni baya kwa kifua cha ndege na chako. Kwa keji ya baji mimi nauruka.

Kukausha kwa nchi isiyo na jua

Jua ni dawa ya bure, shida ni kwamba Londiani lina ratiba yake. Anza kazi mapema ili saa nne keji iwe imeshasuuzwa na ipate jua kabla ya mvua ya mchana, na mawe wakati mwingine. Igeuze geuze. Ikinyesha, iweke chini ya paa lenye upepo, siyo jikoni juu ya moshi. Mimi niliacha yangu siku saba, nikiitoa na kuirudisha kama mtoto wa chekechea. Kama unaweza kungoja zaidi, ngoja.

Vijiti vipya vya kukalia kata kwa blugamu, imejaa kila mahali na ni salama. Osha, sugua, kausha. Usikate mparachichi hata kama uko hapo kwa mlango, kwa sababu parachichi ni sumu kwa ndege, tunda, jani na mti.

Ndege akifika

Keji safi haisaidii kama ndege mwenyewe amekuja mgonjwa. Mtenge siku 30 mbali na ndege wengine na mbali kabisa na kuku. Lisha kuku kwanza, ndege mpya mwisho, kisha nawa mikono na ubadilishe viatu. Chini ya keji weka karatasi ya gazeti, Taifa Leo ya jana inatosha, na uibadilishe kila asubuhi. Choo chake kikibadilika utakiona siku hiyo hiyo, si baada ya wiki kama mimi.

Usiku usimwekee jiko la makaa ili apate joto. Funika keji pande tatu kwa blanketi jepesi. Na sufuria zile zisizoshika chakula, zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege ndani ya dakika chache, kwa hivyo asikae jikoni.

La mwisho ni la sheria, fupi tu. Baji na kokatili waliozaliwa kwa keji hawana shida. Kasuku wa kijivu wa Afrika ni hadithi nyingine, tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imefungwa chini ya mkataba wa CITES, na kumweka nyumbani bila kibali cha KWS ni kesi. Usikubali kuuziwa "kasuku na keji yake" kando ya barabara.

Baji wangu wa sasa waliingia siku ya nane baada ya hiyo kazi yote. Wako sebuleni, upande wa dirisha, na mathe ambaye hakuwataka ndiye siku hizi huwaambia habari ya asubuhi kabla hajanisalimia mimi.